Mwaliko wa Mama Maimuna

Vijana wa kliniki waliponiaga walinipa saa ya ukutani, kubwa kama sinia, kana kwamba sasa ndipo ninapohitaji kujua saa. Nawashukuru. Halafu wakaniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa nilipoanza. Nimeona bora niwape habari moja nzima kuliko vipande vya kila mwaka. Mambo ya vyeo na mishahara yamo kwenye mafaili, na panya wa stoo wameshayasoma zaidi yangu.

Nitaanza na ripoti, kwa sababu najua mnazichukia.

Kliniki yetu ya mama na watoto ilikuwa vyumba viwili vya chini katika nyumba ya zamani, hapa hapa Kibokoni. Juu yetu aliishi fundi cherehani, na alipokuwa na kazi nyingi dari ilitetemeka mpaka mizani ya watoto ikachezacheza na sisi tukasubiri amalize mshono. Mimi ni mzaliwa wa mtaa huu. Mamangu alikubali niwe nesi kwa sharti moja, nifanye kazi na wanawake na watoto, nami sikuona sharti hilo kuwa gumu. Uhuru ulikuwa bado mpya, kila mtu alikuwa akijaribu kitu ambacho hajawahi kukifanya.

Mkubwa wetu alikuwa Sista Monika, Mtaita, Mkristo, mwanamke mrefu aliyevaa viatu vilivyomtangaza kabla hajafika. Siku yangu ya kwanza alinipa mkoba wa kwendea majumbani. Akatoa kimoja kimoja na kukirudisha ndani mbele yangu: mizani ya kuning'iniza, kipimajoto, bandeji, sabuni, na kalamu ya wino.

"Hivi vingine unaweza kumwazima mwenzako," aliniambia. "Kalamu usiazime."

Nilidhani ni mambo ya usafi. Mtu anayeogopa vijidudu huenda akaviogopa hata kwenye kalamu.

Jioni yake nilimletea ripoti yangu ya kwanza. Nilikuwa nimekwenda nyumba moja ambako mama hakumleta mtoto kupimwa. Niliandika, kwa hati nzuri sana, kwamba mama ni mkaidi na hajali afya ya mtoto wake. Sista Monika aliisoma, akavua miwani.

"Ukaidi una rangi gani?"

"Sista?"

"Umeuona? Ulikuwa umekaa wapi, kitandani au kwenye kiti? Andika ulichokiona, Zuhura. Ulichofikiri nitakifikiri mwenyewe."

Niliondoka nimenuna. Lakini nilirudi ile nyumba, nikaandika upya. Niliandika kwamba yule mama yuko na mama mkwe asiyeinuka kitandani, kwamba hana wa kumwachia, kwamba mtoto amelala kwenye mkeka karibu na mlango ili mama awaone wote wawili akiwa jikoni. Basi. Sikusema neno la kumtetea wala la kumshutumu.

Ripoti ya kwanza ilikuwa imelala mezani kwa Sista. Ya pili ilimwinua kitini. Alichukua mkoba wake mwenyewe, akavaa viatu vyake vya kelele, akaenda kumpima yule mtoto nyumbani kwao, na tangu siku hiyo ikawa kawaida kupeleka mizani kwa mama asiyeweza kutoka. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni nikijiuliza. Nyumba ni ile ile, mama ni yule yule, nesi ni mimi yule yule. Kilichobadilika ni maneno. Nilikuwa nimesoma shule miaka mingi na hakuna aliyeniambia kwamba maneno yangu yanaweza kumfanya mtu avae viatu.

Tangu hapo nikawa na udadisi usiokwisha. Nilipoona karatasi imeandikwa nilitaka kujua, je, hii imemwinua nani?

Sasa nifike kwa Maimuna.

Maimuna alikuwa binti wa Saumu, nyumba ya tatu kutoka kliniki, mtoto wa kama miaka mitatu hivi. Kila aliyepita uchochoro wetu alimjua, maana alikuwa hatembei, anakimbia. Alikimbia ukumbini mpaka mlangoni, akapiga kofi mlango, akarudi. Mlio ule tuliuzoea kama tulivyoizoea cherehani ya juu. Kisha akapata homa. Homa ikaondoka, lakini miguu haikuinuka tena. Ulikuwa ugonjwa wa kupooza, ule unaowapata watoto. Daktari wa hospitali alisema hivyo, na akasema hakuna dawa ya kuurudisha nyuma.

Mtaani walisema mengine. Walisema ni upepo mbaya, walisema ni jicho la husuda, na kulikuwa na waliosema Saumu alikosea hiki na kile. Saumu hakumjibu mtu. Alifunga mlango. Nilipokwenda kuwatembelea alinifungulia kidogo tu, akaniambia, "Hatuyambo, Zuhura, alhamdulillahi," na mlango ukarudi mahali pake. Moyo uliniuma. Tulikuwa tumesoma chuo kimoja cha Kurani, tukikaa mkeka mmoja, na hati yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Baada ya Maimuna, akapatwa mtoto mwingine upande wa pili wa mtaa. Hapo afisi kuu ya afya ikaamua kutuletea matone. Nyinyi mmeyazoea, kwenu ni jambo la kila wiki. Kwetu lilikuwa jambo jipya kabisa: tone la dawa juu ya kipande cha sukari, mtoto anakitafuna, na maradhi yale hayampati. Hakuna sindano, hakuna kilio. Nilipoelezwa sikuamini kwamba jambo kubwa namna ile linaweza kuwa tamu.

Dawa ililetwa kwenye sanduku la barafu. Na siku chache kabla yake lilibandikwa tangazo. Nalikumbuka neno kwa neno, kwa sababu nililisoma mara nyingi nikilitafuta kosa lake. "Wazazi wote wa sehemu hii wanatakiwa kuhudhuria kliniki, siku iliyotajwa hapo juu, na watoto wao walio chini ya umri wa miaka mitano kwa ajili ya kinga dhidi ya ugonjwa wa kupooza. Kutohudhuria ni kuhatarisha afya ya umma." Hakuna uongo ndani yake. Siku ilipofika tulikaa na sanduku letu tangu adhuhuri, na watoto waliokuja ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Barafu ikawa maji. Dawa iliyobaki ikabidi itupwe.

Bwana wa afisi kuu alisema tutaletewa sanduku mara moja tu tena, Jumatano ya wiki inayofuata. Watu wasipokuja, litapelekwa mitaa mingine inayoitaka, na Kibokoni itangoja zamu yake, hajui lini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sanduku dogo na mji mkubwa.

Sista Monika alimsindikiza mpaka mlangoni. Halafu akasema, "Nenda kaangalie. Usiwaulize kwa nini hawakuja, utaambiwa uongo wa adabu. Angalia kwanza."

Nikaenda kuangalia. Nilisimama dukani mkabala na tangazo, nikijifanya nachagua uzi, mpaka mwenye duka akachoka nami. Tangazo lilibandikwa ukutani juu ya baraza. Na kwenye baraza, kama kawaida, walikaa wanaume na kahawa yao. Walilisoma vizuri sana, mmoja akalisoma kwa sauti na mwingine akasahihisha usomaji wake. Wanawake walipita upande wa pili wa njia, buibui zimefungwa, hatua za haraka. Mwanamke gani wa Kibokoni angesimama mbele ya wanaume wale, ainue uso, asome ukuta? Mimi mwenyewe nisingesimama. Tangazo la watoto lilikuwa limewekwa mahali pekee ambapo mama zao hawawezi kulisoma. Na wengi wao hata wangesimama, lilikuwa kwa herufi za Kizungu, nao walifundishwa za Kiarabu chuoni.

Ndipo nikaanza kuuliza majumbani. Mama mmoja aliniambia mumewe alimtajia. "Yasema twatakiwa," akanambia. "Mimi nikisikia natakiwa, kwanza nauliza nimefanya nini." Mwingine alidhani ni habari ya faini. Wa tatu alisema ameelewa kila kitu, ila alikuwa akingoja.

"Ukingoja nini?"

"Hakuna aliyekuya kunialika."

Hilo neno lilinifuata mpaka nyumbani. Kwetu hakuna mwanamke anayekwenda shughuli kwa kusikia tu. Iwe arusi, iwe hitima, lazima aje mtu mlangoni amwalike kwa jina. Akisahauliwa hata jirani wa ukuta mmoja, haendi, na miaka hupita wawili hao hawasemezani. Na sisi tulikuwa tumebandika karatasi ukutani tukakaa kungoja wageni.

Aliyekuwa akialika mtaani kwetu siku hizo ni Bi Kibibi. Kazi yake ilikuwa hiyo, kutumwa nyumba hadi nyumba na maneno ya mwenye shughuli. Alikuwa mwembamba, sauti nene, miguu haichoki, na alijua kila mlango una nani ndani yake na nani kagombana na nani. Nilimwendea na tangazo mkononi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba mwanangu. Ndoo ukae. Una arusi?"

"Sina, Bi. Nina maneno nataka uyapeleke."

Nikamsomea. Alisikiliza macho yamefumbwa, vidole vikienda juu ya goti, akiyapima. Nilipomaliza alifumbua macho.

"Mwanangu, haya hayabebeki."

"Ni mazito?"

"Hayana mwenyewe. Nikipiga hodi, la kwanza naulizwa ni nani aalika. Ntasemani? Yaalika karatasi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Nitafutie mwenye shughuli. Nipa na maneno mafupi, mtu ayasikie akiwa na kijiko mkononi asiunguze mtuzi. Hapo ntayabeba mpaka Feri ukitaka."

Nikamwambia mwenye shughuli ni Sista Monika. Akatikisa kichwa. Sista ni mtu mwema, akasema, lakini hana mtoto hapa mtaani, na mwenye kualika lazima awe na lake ndani ya jambo. Wala hakunitajia mtu. Aliniangalia tu, mpaka mimi mwenyewe nikafikiri jina la Saumu.

Nilipita mbele ya ule mlango mara nyingi kabla ya kubisha. Niliogopa kumuumiza. Niliogopa pia atakubali, na watu wamseme zaidi kwa sababu yangu. Nilipobisha hatimaye alinifungulia kile kidogo chake, nami sikumsalimia kama nesi. Nilimwambia, "Saumu, nina ombi zito. Ukinikatalia nitaondoka na hutanisikia tena nikilitaja."

Akanifungulia. Maimuna alikuwa amekaa ukumbini juu ya godoro, anacheza na vifungo. Alikuwa akivipanga, akavirusha kimoja kimoja mpaka mlangoni. Kilipogonga mlango alicheka. Alikuwa bado anaupiga ule mlango.

Nilimweleza Saumu yote: sanduku, tangazo, Jumatano, Bi Kibibi. Alisikiliza bila kuniangalia. Nikamwambia hakuna tone litakalomfaa Maimuna sasa, sitaki kumdanganya. Akasema, "Nayua." Kisha: "Yaandike. Nataka kwanza niyaone."

Usiku ule, hapana, haikuwa usiku, ilikuwa bado jua halijazama, nilikaa darini kwetu nikaandika. Niliandika kwa herufi za Kiarabu ili aweze kuyasoma mwenyewe. Na nikajiachia. Nilitaka kila mama alie. Niliandika habari ya mtoto maskini aliyeangukiwa na balaa, ua lililonyauka kabla ya kuchanua, mama aliyebaki na machozi. Niliisoma, nikalia mimi. Nikaona sasa nimekuwa mwandishi.

Kesho yake Saumu aliisoma amesimama. Aliisoma hadi mwisho, uso haubadiliki. Akaomba kalamu. Nilikumbuka onyo la Sista kwamba kalamu haiazimwi, lakini nikampa. Akakata neno "maskini."

"Mwanangu si maskini."

Akakata "balaa." Akakata ua, akakata na machozi. Karatasi ikabaki na mistari mingi na maneno machache.

"Sasa niandikeje?" nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya aliyekosewa heshima.

"Andika alikuwa kikimbia. Wote wamemsikia." Akamtazama Maimuna. "Andika sasa hakimbii. Basi."

Ndipo nikamsikia Sista Monika kichwani akiniuliza ukaidi una rangi gani. Nikakaa pale pale sakafuni, karibu na vifungo vya Maimuna, nikaandika upya. Saumu alisoma, akarudisha. Hivi ndivyo yalivyokuwa:

"Mimi Saumu, mamake Maimuna, nakualika. Mwanangu alikuwa akikimbia. Sasa hakimbii. Wako akimbia. Mlete Jumatano, ikisha sala ya alasiri, nyumba ya kliniki, apewe tone la dawa juu ya kipande cha sukari. Nitakuwako mimi na Maimuna."

Lile la mwisho aliliongeza kwa mkono wake.

Sista Monika hakujua herufi zile. Aliigeuza karatasi huku na huku, akaniomba nimsomee. Nilisoma. Akaniambia nisome tena.

"Haina muhuri," akasema. "Haina jina la afisi. Haina hata neno la ugonjwa wenyewe." Akakunja karatasi, akanirudishia. "Peleka."

Siku mbili nzima Bi Kibibi alizunguka. Nilimfuata njia moja ili nione, udadisi umenizidi. Alipiga hodi, akakaribishwa, akauliza hali za wote mpaka paka, kisha akasimama wima na sauti ikabadilika. Hakuongeza neno. Alipofika kwenye "sasa hakimbii" alinyamaza kidogo, na ndani ya nyumba kijiko kikanyamaza vilevile. Wakati mwingine mama alimwita mwanawe amkalishe mapajani bila kujua anachofanya. Nimeandika maelfu ya karatasi baada ya ile, na sijawahi tena kupata bahati ya kuwaona wasomaji wangu wakisikia.

Jumatano ikafika, na hapa nifike kwenye jambo ambalo Sista Monika alilisimulia mpaka anastaafu, kila mara akiniangalia mimi.

Sala ya alasiri ilipokwisha, uchochoro ulijaa buibui. Walikuja kwa makundi, nyumba nzima nzima, bibi, mama, shangazi na watoto. Chini ya buibui walikuwa wamejifunga leso mpya. Walinukia udi. Watoto wamepakwa wanja, wamevalishwa viatu vya Idi. Waliingia kliniki, wakatandaza, wakakaa chini wakijaza vyumba vyote viwili na ukumbi, wakaanza kusalimiana na kuulizana habari. Hawakupanga foleni. Walikaa, wakangoja.

Sista Monika alinivuta pembeni.

"Zuhura, hawa wanangoja nini?"

Nikawaangalia, nikatambua. Walikuwa wakingoja kuandaliwa. Mtu ukimwalika Kibokoni umeshamwambia kwamba sufuria iko motoni. Bi Kibibi aliwaalika kama anavyoalika siku zote, kwa maneno niliyoyaandika mimi mwenyewe, binti wa mtaa, niliyealikwa tangu sijajua kutembea. Na kliniki haikuwa na kitu ila sukari ya vipande, madawa na maji ya kunawa. Kama wangeondoka bila kuandaliwa, ile ingekuwa aibu, na aibu ingekuwa ya aliyetajwa kwenye mwaliko. Niliona nimempoteza Saumu mara mbili.

Wakati huo ndipo alipoingia. Alikuwa amevaa leso nyekundu, uso wazi mbele ya wanawake wenzake, na Maimuna kiunoni. Nyuma yake dada zake wawili wamebeba sinia za mahamri na mabirika ya kahawa ya tangawizi. Walikuwa wakipika tangu alfajiri. Mimi nilisahau maana ya mwaliko. Mwenye shughuli hakusahau.

Akasimama mlangoni. Chumba kizima kikamgeukia. Wengi wao hawakuwa wamemwona Maimuna tangu aache kukimbia, na wengine walikuwa wamesema maneno ambayo sasa yaliwakaa vibaya mdomoni. Saumu akamkalisha mtoto juu ya meza ya kupimia, mahali ambapo kila mtu atamwona. Akachukua mrashi kwa dada yake, akaanza kuwanyunyizia wageni marashi mmoja mmoja, kama mama wa arusi.

"Karibuni," akasema. "Karibuni nyote. Watoto kwanza, mahamri baadaye."

Sista Monika alikuwa mwepesi. Alipanga vipande vya sukari kwenye sinia tupu, mimi nikatia matone, na sinia ikapitishwa. Watoto walifumbua vinywa kama makinda. Mama mmoja mzee, ambaye nilijua ndiye aliyeeneza habari ya jicho, alisimama mbele ya meza akamwangalia Maimuna. Akambusu mkono. Kisha akamleta mjukuu wake, akasema, "Huyu naye akimbia." Saumu akamnyunyizia marashi kama wengine wote, wala hakumpunguzia.

Jua lilipoanza kulala sanduku lilikuwa tupu. Bwana wa afisi kuu alikuja kulichukua akakuta nesi mkuu ana hamri mkononi na kliniki nzima inanukia waridi. Alitaka maelezo. Sista akamwambia ataandikiwa ripoti. Niliiandika mimi, nikaandika nilichokiona, pamoja na mahamri. Tukaletewa sanduku la tatu, na la nne.

Afisi ilitaka kuchapisha yale maneno na kuyabandika mji mzima. Nilikataa, kwa adabu kadiri nilivyoweza. Niliwaambia Feri na Kibarani wana Saumu wao, lazima tuwatafute. Wakanituma nikawatafute. Kwa familia za watu wa reli, waliotoka bara, nilijifunza kwamba neno linabebwa na wanakwaya baada ya ibada, na hapo lazima liwe refu kidogo, la sivyo wanadhani halina uzito. Kwa wachuuzi wa Feri lilipaswa kwisha kabla pantoni ya kuvushia watu haijafika. Kila mahali nilikaa sakafuni kwa mtu, nikaandika, akakata, nikaandika tena. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka juzi mliponipa saa. Mkiniuliza nilikuwa nesi au mwandishi sitajua la kuwajibu, na nimechoka kulifikiria.

Ila mniruhusu nimalize na siku moja, kabla miaka ya sitini haijaisha.

Nilikuwa nyumbani, nachambua mchele, nikasikia hodi. Alikuwa Bi Kibibi. Nikamkaribisha, akauliza hali zetu zote mpaka paka. Kisha akasimama wima, na sauti ikabadilika.

"Zuhura, mimi Saumu, mamake Maimuna, nakualika. Mwanangu alikuwa hasomi. Sasa asoma, amehitimu msahafu. Ndoo Ijumaa, ikisha sala ya alasiri, umsikize. Nitakuwako mimi na Maimuna."

Mchele ulinimwagika. Niliyajua yale maneno, niliyajua mifupa yake, mahali yanaposimama na mahali yanapopumua. Na sikuwa nimeyaandika mimi.

"Bi, ni nani aliyemwandikia haya?"

"Hakuandikiwa," alisema Bi Kibibi. "Kayaandika Maimuna. Mamake kakata mawili."

Aliaga, maana alikuwa na nyumba nyingi za kupita. Nikasikia hodi yake kwa jirani, na sauti yake nene ikianza upya. Nikaokota mchele, kisha nikaenda kutafuta leso yangu mpya.